Kopo la mafuta ya samaki na mbwa anayechechemea

Ligeuze kopo la mafuta ya samaki usome nyuma. Mbele wameandika 1000 mg kwa herufi kubwa, na huo ni uzito wa mafuta yote yaliyomo kwenye kidonge kimoja. Nyuma, kwa herufi za kukodolea macho, kuna EPA 180 mg na DHA 120 mg. Hizo mbili, ambazo ni aina za mafuta ya omega-3, ndizo unazozilipia, jumla 300 mg. Sasa mbwa wa kilo 30 mwenye yabisi ya maungio anapewa kidonge kimoja kila asubuhi, mwenyewe anangoja mwezi, haoni tofauti, anatangaza mtaa mzima kwamba omega-3 ni biashara tu. Kumbe alikuwa anampa chini ya sehemu moja ya kumi ya kipimo.

Hela nyingi ya virutubisho vya maungio hupotea kwa njia hiyo: kitu kinachofaa kwa kipimo cha kugusisha, au kipimo kamili cha kitu kisichofaa. Halafu wapo wanaomlisha vidonge mbwa ambaye tatizo lake halimo kwenye gegedu hata kidogo. Tuanze na hao.

Anachechemea kwa sababu gani?

Kagua mguu kuanzia chini. Mwiba kati ya vidole, funza, ukucha uliopasuka mpaka kwenye nyama. Ukikosa hapo, fikiria kupe. Homa ya kupe inayoletwa na Ehrlichia canis, ambayo ukanda wetu inayo tele, huweza kuvimbisha maungio, na kuchechemea kwake kunahamahama: leo mguu wa mbele wa kulia, wiki ijayo wa nyuma wa kushoto. Ukiona na joto limepita 39.5, chakula anakinusa tu na ufizi umepauka, huyo ni wa kupimwa damu. Tiba yake ni doksisaiklini chini ya daktari, kwa kawaida 10 mg kwa kila kilo ya uzito kwa siku, siku 28. Hakuna kopo la dukani linaloigusa homa hiyo.

Kwa mbwa wakubwa kama Rottweiler na Boerboel kuna jambo jingine la kutilia maanani. Kuchechemea kunakozidi wiki hadi wiki, pamoja na uvimbe mgumu juu kidogo ya kifundo cha mbele, begani au karibu na goti, kunataka eksirei haraka. Saratani ya mfupa hupenda sehemu hizo, na miezi miwili ya "ngoja tujaribu vidonge kwanza" ni mingi mno.

Yabisi yenyewe ina tabia zake. Mbwa anaamka amekakamaa, anatembea dakika tano hadi kumi anafunguka, kisha jioni baada ya kukimbizana sana anakakamaa upya. Anasimama mbele ya ngazi akizitazama. Pikapu aliyokuwa akiirukia sasa anasubiri anyanyuliwe. Analamba kiungo kimoja mpaka manyoya yake, kama ni meupe, yanageuka rangi ya kutu. Watu husema kazeeka, na wanaishia hapo.

Goti ni kesi yake

Goti la mbwa huharibika kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kano ya mbele iliyopita ndani ya goti, ile ile wanayokatika wachezaji mpira. Tofauti ni kwamba mchezaji hukatika mara moja uwanjani, ila mbwa mara nyingi kano yake inachakaa nyuzi kwa nyuzi kwa miezi, kisha siku moja anashuka kibarazani na zilizobaki zinaachia. Sehemu ya juu ya mfupa wa muundi wa mbwa ina mteremko kuelekea nyuma, kwa hiyo kila akikanyaga, paja linataka kuteleza na kano ndiyo inayolizuia. Uzito ukizidi, kazi hiyo inazidi.

Mkalishe kwenye sakafu tambarare umwangalie kwa nyuma, kisha kwa ubavuni. Mwenye magoti mazima anakaa sawasawa, magoti yamekunjika, visigino vimeingia chini ya matako. Mwenye goti bovu anautupa mguu pembeni au anakalia tako moja. Akisimama, anagusa chini kwa ncha za vidole tu. Pitisha vidole upande wa ndani wa goti, ulinganishe na goti la pili: uvimbe mgumu, kama mtu kabandika kipande cha mpira chini ya ngozi, ni alama ya tatizo la muda mrefu. Kisha chukua tepu ya fundi cherehani upime mzunguko wa paja katikati, miguu yote miwili, mbwa akiwa amesimama. Tofauti ya sentimita moja au zaidi maana yake msuli umeshaanza kuisha upande huo. Andika namba na tarehe, utazihitaji baadaye.

Daktari atalala naye sakafuni na kulisukuma goti mbele na nyuma kama droo ya meza. Mbwa mkubwa mwenye misuli hukaza paja na kuficha hiyo droo, ndiyo maana wakati mwingine lazima apewe dawa ya usingizi. Ukiambiwa hivyo usione unachunwa.

Hakuna kirutubisho kinachounga kano iliyokatika. Ama ni upasuaji (mfupa wa muundi unakatwa na kuzungushwa ili mteremko upungue, au uzi mnene wa nailoni unafungwa nje ya goti), ama ni mapumziko makali ya wiki sita hadi nane na kupunguza uzito. Mbwa wa chini ya kilo 15 wengi hupata nafuu kwa njia hii ya pili. Wakubwa ni mara chache. Virutubisho vinaingia kwa sababu goti lililowahi kuchanika litapata yabisi hata likifanyiwa upasuaji mzuri, na kwa sababu karibu nusu ya mbwa hao huja kukatika na goti la pili.

Njia nyingine ni pia ya goti kutoka kwenye mfereji wake. Hii ni ya mbwa wadogo: Chihuahua, Pomeranian, na Japanese Spitz waliojaa Nairobi na Dar. Utamwona anakimbia, ghafla ananyanyua mguu wa nyuma hatua tatu, anaukunjua, anaendelea kama hakuna lililotokea. Madaktari huipanga daraja la 1 hadi la 4. La 1 na la 2 lisilo na maumivu, mpunguze uzito na umtazame. La 3 na la 4 ni la kisu. Mfereji wa mfupa hauchimbiki kwa vidonge.

Uzito kabla ya kopo

Najua hakuna anayependa kuambiwa hivi, lakini mbwa mnene mwenye yabisi akipungua asilimia 6 tu ya uzito, kuchechemea kunapungua kwa namna inayopimika. Kwa mbwa wa kilo 30 hizo hazifiki kilo mbili. Kuna utafiti maarufu uliotoka 2002 Marekani: Labrador 48 waliowekwa jozi jozi tangu wakiwa watoto, mmoja wa kila jozi akila asilimia 25 pungufu ya mwenzake. Waliokula pungufu waliishi karibu miaka miwili zaidi, na yabisi yao ilichelewa sana. Hakuna kopo lenye matokeo ya namna hiyo.

Kupima unene, kunja ngumi. Pitisha kidole juu ya vifundo: mbavu zikihisika hivyo, mbwa kakonda. Nyoosha kiganja, pitisha kidole mgongoni mwa mkono: hivyo ndivyo mbavu za mbwa zinavyotakiwa kuhisika. Geuza, papasa upande wa ndani kwenye nyama ya kiganja: zikihisika hivyo, kazidi. Mbwa mdogo unampima kwa kusimama naye kwenye mizani ya bafuni, kisha unatoa uzito wako. Mkubwa mpeleke kwenye mizani ya magunia kwa muuza nafaka. Watacheka, lakini namba utaipata.

Mbwa anayetakiwa kuwa kilo 30, akiwa katika kupunguza, anahitaji kama kalori 900 kwa siku. Unga wa mahindi gramu 100 una karibu kalori 360. Yaani robo kilo ya unga, ikishasongwa ugali, imeshamaliza siku yake nzima, na hapo hajapata nyama, dagaa wala chapati anazotupiwa na watoto mezani. Ukipunguza ugali usimpunguzie na protini, maana unataka ashuke mafuta na abaki na msuli wa kulishika goti.

Hesabu ya omega-3

Katika virutubisho vyote, mafuta ya samaki ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi kwa yabisi ya mbwa. Kuna jaribio la wiki 12 lililoonyesha kwamba mbwa waliolishwa chakula chenye EPA na DHA nyingi waliweza kupunguziwa kaprofeni, dawa ya maumivu ya mbwa, haraka kuliko wenzao. Kazi hiyo haifanyiki kwa kidonge kimoja.

Kipimo kinachotajwa kwa yabisi ni 310 mg za EPA na DHA kwa jumla, mara uzito wa mbwa ulioinuliwa kwa 0.75. Isikutishe. Chukua kikokotoo cha simu: uzito mara uzito mara uzito, kisha bonyeza kipeuo cha pili (√) mara mbili. Kwa kilo 30: 30 × 30 × 30 ni 27,000. Ukibonyeza mara ya kwanza unapata 164.3, mara ya pili 12.8. Mara 310, unapata karibu 3,970 mg. Mbwa wa kilo 5 anaishia karibu 1,040, wa kilo 10 karibu 1,740, wa kilo 20 karibu 2,930, wa kilo 40 karibu 4,930. Ona kwamba wa kilo 40 hapati mara nane ya wa kilo 5, ndiyo maana ya kile kipeo. Ukomo wa usalama ni 370 badala ya 310, kwa hiyo hicho ni kipimo cha juu, si cha kuanzia.

Sasa rudi kwenye kopo. Vidonge vya 300 mg, mbwa wa kilo 30: kumi na tatu kwa siku. Kumi na tatu! Tena ni gramu 13 za mafuta, kama kalori 117, ambazo lazima uzitoe kwenye zile 900. Vidonge vilivyokolezwa, vyenye 600 mg za EPA na DHA kila kimoja, vinatosha saba. Mafuta ya chupa ya kawaida, ambayo karibu asilimia 30 yake ni EPA na DHA, ni vijiko vya chai vitatu. Kwa hiyo ukilinganisha bei dukani usigawe kwa idadi ya vidonge. Gawa kwa miligramu za EPA na DHA zilizomo kwenye kopo zima. Kopo la bei mara mbili huwa rahisi zaidi mara nyingi. Angalia pia ujanja wa "kipimo kimoja": baadhi ya lebo huandika namba nono, kisha chini kabisa wanasema kipimo kimoja ni vidonge viwili au vitatu.

Anza na robo ya kipimo, pamoja na chakula, wiki nzima. Kinyesi kikibaki kigumu, panda nusu, kisha robo tatu, kisha kamili. Wanaoanza na kipimo kamili siku ya kwanza huishia kudeki kuharisha, wanaacha, na hawarudi tena. Kama kwenye nusu au robo tatu mbwa tayari anatembea vizuri, baki hapo hapo. Mbwa aliyewahi kuugua kongosho asipewe bila daktari. Anayeenda kufanyiwa upasuaji, mwambie mpasuaji mapema, kwa kuwa dozi kubwa ya mafuta haya inapunguza kuganda kwa damu.

Mafuta ya samaki huchacha, na joto la Mombasa au Dar es Salaam halina subira. Toboa kidonge kimoja unuse: harufu ya samaki ni sawa, harufu ya rangi ya mafuta au ya dagaa waliooza si sawa. Chupa ikifunguliwa ikae kwenye friji, na nunua ndogo itakayoisha ndani ya miezi miwili hivi.

Kosa linalofanana na hili lakini baya zaidi ni kuchukua mafuta ya ini la samaki, yale tuliyonyweshwa kwa nguvu utotoni. Yanatoka kwenye ini, yana vitamini A na D nyingi. Kijiko cha chai kimoja huwa na karibu IU 4,500 za vitamini A na IU 450 za vitamini D. Vijiko vitatu ili kutimiza omega-3 vitampa mbwa wa kilo 30 IU 1,350 za vitamini D kila siku, na hapo ameshafika kwenye ukomo wa usalama kabla hujahesabu iliyomo kwenye chakula chake. Vitamini D ikizidi, kalsiamu hupanda kwenye damu na figo ndizo zinazolipa. Soma jina: neno "ini" likiwemo, rudisha rafuni.

Mafuta ya kitani na ya chia hayachukui nafasi hii. Omega-3 yake ni ya aina nyingine, na mwili wa mbwa unaibadilisha kuwa EPA kwa kiasi kidogo sana. Dagaa ni chakula kizuri kwa mbwa, wakichambuliwa mchanga na wasiwe wa chumvi, lakini huwezi kuwapima kwa miligramu, kwa hiyo usiwahesabu kama kipimo.

Vingine vilivyo rafuni

Glukosamini na kondroitini ndivyo vinavyouzwa kuliko vyote na ndivyo vyenye ushahidi wa kukatisha tamaa. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa 2022 na timu ya Chuo Kikuu cha Montréal yalikuta omega-3 inasaidia, na kuhusu glukosamini na kondroitini yakasema wazi kwamba zisipendekezwe tena kwa maumivu ya yabisi. Kuna jaribio la 2007 lililoona nafuu kwenye siku ya 70, jingine la 2003 halikuona chochote. Mimi ningeziweka mwisho wa orodha ya manunuzi, baada ya uzito, dawa ya daktari, mafuta ya samaki na hata zulia la sebuleni. Hazina madhara makubwa kwa kipimo cha kawaida, ila mwenye hela ya kopo moja asinunue hilo. Anayezitumia tayari na anaamini zinasaidia, atumie jaribio la wiki 12 lililo chini.

Kome wa New Zealand wenye midomo ya kijani wana matokeo mchanganyiko. Kama utanunua, unga wake uwe umekaushwa kwa baridi, kwani joto huharibu mafuta yake. Na usimwage juu ya ugali unaotoka moshi.

Kolajeni inahitaji maelezo kwa sababu watu wanaichanganya na supu ya makongoro. Ile iliyojaribiwa kwa mbwa ni kolajeni ya aina ya pili ambayo haijapikwa, 40 mg tu kwa siku kwa mbwa wa uzito wowote. Inadhaniwa kufanya kazi kwa kuwa umbo lake bado zima, na kinga ya mwili iliyoko utumboni inalitambua umbo hilo. Ukiichemsha umbo linavunjika. Makongoro yaliyotokota kwa saa nne yana jelatini, ambayo tumbo la mbwa linaimeng'enya kama protini nyingine yoyote, pamoja na mafuta mengi juu yake. Ukitaka kumwonjesha mchuzi, sawa, uache upoe uuengue mafuta, na mifupa iliyopikwa usimpe, inavunjika vipande vyenye ncha.

Manjano hayanyonywi vizuri utumboni, na kijiko kinachopakwa kwenye chakula kinafanya kazi kubwa kwenye zulia kuliko kwenye goti. Ubani una habari zaidi: dondoo iliyojaribiwa kwa mbwa ni ya mti wa India, Boswellia serrata, ikiwa imepimwa viambato vyake. Ubani tunaochoma kwenye chetezo pwani wengi wake hutoka upande wa Somalia, miti ya spishi nyingine yenye viambato tofauti. Usisage ule wa chetezo ukamlisha mbwa.

Zipo sindano ambazo watu wanaziita virutubisho, lakini ni dawa. Pentosani hudungwa chini ya ngozi, 3 mg kwa kilo, mara moja kwa wiki kwa wiki nne. Nyingine, yenye polisulfati ya glikosaminoglikani, hudungwa kwenye msuli 4.4 mg kwa kilo mara mbili kwa wiki, isizidi sindano nane. Zote zinagusa kuganda kwa damu, kwa hiyo ni za daktari tu.

Watoto wa mbwa wakubwa na kalsiamu

Hapa ndipo madhara makubwa yanapofanyika kwa nia njema. Mtu ananunua mtoto wa German Shepherd, anaambiwa ampe sirapu ya kalsiamu au unga wa DCP (wa kalsiamu na fosfati) ili masikio yasimame na mifupa ikomae. Mtoto wa mbwa mkubwa, hasa kabla ya miezi sita, hana uwezo mzuri wa kukataa kalsiamu iliyozidi; inaingia tu. Gegedu la ukuaji linashindwa kugeuka mfupa kwa mpangilio, na bega au kiwiko kinaharibika kabla hajatimiza mwaka. Akila chakula cha viwandani kilichotengenezwa kwa watoto wa mbwa wakubwa, usiongeze kalsiamu hata kijiko. Akila cha nyumbani cha ugali na nyama bila mifupa, tatizo linageuka, kalsiamu ni pungufu kweli, lakini kiasi cha kuongeza kipimwe na daktari kwa uzito wa chakula chenyewe, si kwa kukadiria mkononi.

Vidonge vya nyumbani vya maumivu

Usiku mbwa analia, duka la dawa liko mtaa wa pili. Ibuprofeni na diklofenaki huchimba vidonda vya tumbo kwa mbwa na kuharibu figo, hata kwa dozi ambayo binadamu haihisi. Meloksikamu ni dawa halali ya mbwa, lakini angalia hesabu: baada ya siku ya kwanza, dozi ni 0.1 mg kwa kilo. Mbwa wa kilo 10 anahitaji 1 mg. Kidonge cha binadamu ni 7.5 au 15 mg. Kidonge kimoja kidogo ni dozi ya wiki nzima kwa mkupuo, na kukikata saba kwa wembe hakuwezekani.

Kisha kuna sindano ya deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, ambayo wahudumu wengine huipenda kwa sababu mbwa anaamka kesho yake anarukaruka. Ukimwongezea na kidonge cha maumivu juu yake, tumbo linaweza kutoboka. Kabla hujakubali kidonge chochote uliza kama kachomwa sindano, ya nini, na lini. Kinyesi cheusi kinachonata kama lami, kutapika, au kususa chakula akiwa kwenye dawa za maumivu: simamisha, piga simu.

Na vidonge vya maungio vya binadamu vya kutafuna, visivyo na sukari, vinaweza kuwa na xylitol, kitamu kinachowekwa badala ya sukari, ambayo lebo nyingine huiandika E967. Kwa mbwa, gramu 0.1 kwa kilo inatosha kushusha sukari ya damu hadi aanguke, na dozi kubwa zaidi huua ini.

Wiki 12, kitu kimoja

Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukianza mafuta, godoro jipya na dawa wiki moja, hutajua hela yako ilifanya kazi wapi. Kabla ya siku ya kwanza rekodi video tatu kwa simu: anavyoamka asubuhi, anavyotembea kwa kamba akikujia na akikuacha, anavyopanda ngazi. Rudia sehemu ile ile, saa ile ile, wiki ya 4, ya 8 na ya 12, pamoja na ile tepu ya paja. Usitegemee kumbukumbu. Utafiti uliochapishwa 2012 uliwatazama mbwa waliopewa vidonge hewa, visivyo na dawa ndani: wenye mbwa, na hata madaktari, waliona nafuu ambayo mashine ya kupima mkanyago haikuiona. Wiki ya 12 ikifika bila tofauti kwenye video, acha. Ikiwepo, unaweza kuacha wiki nne kwa makusudi urekodi tena.

Wakati huohuo rekebisha sakafu. Marumaru ni adui wa mbwa mwenye goti bovu, kila hatua ni kuteleza. Tandika mkeka wa mpira au zulia lililokwisha kwenye njia yake ya kila siku. Kata kucha. Asilalie saruji. Mbwa wa ulinzi anayefungwa mnyororo mfupi mchana kutwa kisha kuachiwa usiku anafanya kinyume kabisa cha kinachotakiwa, maana anakakamaa kwa saa kumi na mbili halafu anakimbia ghafla. Mtembeze dakika kumi mara mbili au tatu kwa siku, kwa kamba, bila mpira wa kurusha. Asiyeweza kunyanyua matako, kunja khanga mara nne kwa urefu, ipitishe chini ya tumbo mbele ya mapaja, shika ncha zote mbili juu ya mgongo utembee naye. Kwa dume angalia isibane uume.

Makopo yenye ladha ya nyama yafungiwe juu kabatini. Mbwa hajui dozi, na yapo matukio ya mbwa waliokula kopo zima la vidonge vya maungio, vimeng'enya vya ini vikapanda kwenye damu, ishara kwamba ini limeumia. Ikitokea, hesabu vilivyobaki, piga picha lebo, mpime uzito, mpigie daktari ndani ya saa hiyo. Usimnyweshe maziwa, mafuta ya kupikia wala maji ya chumvi ili atapike.